Siku 7 Mlima Kenya: Kupanda kwa Sirimon, Kushuka kwa Naro Moru, na Sanduku la Dawa

Haya yameandikwa nyumbani, kutoka daftari lililolowa upande mmoja na picha zinazoonyesha saa zilipopigwa. Tulikuwa wanne, pamoja na mwongozaji, mpishi na wapagazi watano. Ilikuwa Februari, kiangazi.

Kwa nini siku 7? Kwa sababu wengi wa Nairobi hupanda mlima huu kwa wikendi. Ijumaa usiku wanalala kambi ya Old Moses (mita 3,300), Jumamosi kambi ya Shipton's (mita 4,200), na Jumapili alfajiri wako kilele cha Lenana (mita 4,985). Kutoka mita 1,700 za Nairobi hadi karibu 5,000 kwa saa 36 hivi. Barabara inamfikisha mtu juu kabla mwili haujajua kuwa umehama. Kanuni wanayofuata madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku 3 au 4 ulale palepale. Ratiba ya wikendi huvunja kanuni hiyo.

Siku ya 1, Jumanne: Nairobi – Nanyuki – Lango la Sirimon (mita 2,650)

Matatu ya Nanyuki ilikuwa shilingi 700 kila mtu. Karibu na Sagana tairi lilipasuka na la akiba halikuwa na upepo, tukakaa kando ya barabara saa moja na nusu. Mama mmoja muuza nduma alituletea sufuria nzima ya nduma za moto na chai, akakataa kulipwa zaidi ya shilingi 200. "Mnaenda mlimani, mtanilipa mkirudi," alisema.

Nanyuki ndipo pa kununua dawa, maana juu hakuna duka. Hizi zinahitaji daktari azipitie kabla ya safari, hasa kwa mwenye mimba, mwenye kisukari au mwenye mzio wa dawa za salfa. Tulibeba hivi:

Asetazolamaidi (Diamox), dawa ya ugonjwa wa mlima, yaani mwili kushindwa kuzoea hewa nyembamba ya juu, huja kwa vidonge vya miligramu 250. Ya kinga ni nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama vimekufa ganzi, utakojoa mara nyingi, na soda itapoteza ladha. Hayo yote ni ya kawaida.

Deksamethasoni ndiyo inayowachanganya watu. Dozi ya kwanza ya ubongo uliovimba kwa sababu ya mwinuko ni miligramu 8, kisha 4 kila baada ya saa 6. Vidonge vinavyopatikana kwa wingi madukani ni vya miligramu 0.5. Maana yake dozi ya kwanza ni vidonge 16, zinazofuata ni 8. Mgonjwa mmoja kwa siku moja atatumia 40. Tulishawahi kuona masanduku ya huduma ya kwanza yenye vidonge 10 tu, na hivyo havifikishi hata dozi ya kwanza. Beba 60, na ampuli mbili za sindano kama yupo anayejua kuchoma, kwa sababu mgonjwa wa aina hii mara nyingi hutapika.

Nifedipini, ya mapafu yanapojaa maji, iwe ya aina inayotoka polepole, miligramu 20. Juu ya hizo kuna ibuprofeni, parasetamoli, chumvi ya ORS, plasta pana ya malengelenge na kipima oksijeni cha kidoleni.

Probox hadi langoni ilikuwa shilingi 2,000 kwa gari zima. Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. Lipa ukiwa mjini, mtandao langoni huja na kupotea.

Siku ya 2, Jumatano: Lango – Old Moses (mita 3,300)

Kilomita 9 za barabara ya gari ndani ya msitu, kisha vichaka. Kinyesi cha tembo kilikuwa bado kinatoa mvuke. Tulitembea saa 4 kwa makusudi, ingawa ni njia ya saa 3.

Jambo la siku lilitokea jioni. Vijana watatu wa kundi jingine walikuwa wameingiza jiko la makaa ndani ya hema lao na kufunga zipu kwa ajili ya baridi. Mpishi wetu alipita pale akawasikia wakilalamika kuwa vichwa vinawagonga na wanataka kutapika. Alifungua hema, akalitoa jiko kwa koleo, akawavuta nje mmoja mmoja. Walidhani ni ugonjwa wa mlima.

Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni na kugoma kuachia. Dalili zake ni kichwa, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu, yaani zilezile za ugonjwa wa mlima. Kipima oksijeni hakiwezi kuitofautisha gesi hiyo na oksijeni, kwa hiyo kitaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Swali linalotenganisha ni moja: je, wote waliomo hemani wameanza kuumwa kwa pamoja, na kuna moto ndani? Kama ndiyo, toa watu kwanza kwenye hewa, maswali baadaye. Jiko la gesi ndani ya hema lililofungwa lina hatari hiyohiyo. Vijana walikaa nje wamejifunika mablanketi zaidi ya saa moja, vichwa vikapungua. Kama mmoja angezimia au kuchanganyikiwa, angehitaji oksijeni na hospitali usiku huohuo.

Siku ya 3, Alhamisi: Old Moses, mapumziko

Asubuhi tulipanda hadi mita 3,700 hivi, tukakaa saa moja tukala mandazi, tukarudi kulala chini. Wapagazi wanasema "panda juu, lala chini".

Kila jioni mwongozaji aliuliza kila mtu maswali manne, wapagazi pia: kichwa kinauma? tumbo je, umekula, umetapika? umechoka kupita kiasi? kizunguzungu? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Kichwa kinachouma pamoja na jumla ya 3 au zaidi, baada ya kupanda, ni ugonjwa wa mlima mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye alama hizo hapandi kesho yake. Wengi hupona kwa siku moja au mbili wakikaa palepale, wakinywa maji na kumeza ibuprofeni. Akizidi, anashuka.

Wapagazi huwa hawaulizwi, na wao huwa hawasemi, kwa kuogopa kukosa mshahara wa siku. Tuliwaambia tangu langoni kwamba atakayeshushwa kwa ugonjwa atalipwa siku zote. Jioni hiyo wawili walikiri kwamba vichwa vinauma. Kuzaliwa Nanyuki au Chogoria hakumkingi mtu aliyeshuka nyumbani wiki tatu zilizopita.

Siku ya 4, Ijumaa: Old Moses – Liki North (karibu mita 4,000)

Mita 700 kwa siku moja ni nyingi kuliko kanuni, ndiyo maana tulilipia siku ya mapumziko kabla yake. Liki North kuna kibanda kidogo kikuukuu tu. Beba hema.

Saa 8 mchana mvua ya mawe ilitukuta njiani. Tulipofika, mpagazi mdogo kuliko wote alikuwa nyuma kwa dakika 20. Alifika akitetemeka, akatua mzigo akashindwa kufungua kamba zake mwenyewe, na maneno yakitoka mazito kama ya mlevi. Alivaa sweta la pamba. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili badala ya kulitunza.

Mtu anayetetemeka na bado anajibu ana baridi ya kiwango cha kwanza. Mwili wake bado unajitengenezea joto, kazi ni kumlisha na kumfunika. Ilifanyika hivi. Turubai lilitandikwa chini, juu yake godoro la povu, kwa sababu ardhi ya baridi huiba joto haraka. Akaingizwa hemani, nguo zote mbichi zikavuliwa, akavalishwa kavu za wenzake. Akaingia kwenye mifuko miwili ya kulalia, kofia kichwani, na turubai likazungushwa lote kama chapati inavyozunguka yai. Chupa mbili za maji ya moto zilivishwa soksi zikawekwa kifuani na makwapani. Zikigusa ngozi bila kitambaa huunguza, na mwenye ganzi hasikii. Akapewa chai yenye vijiko sita vya sukari.

Mwenzake alitaka kumsugua miguu na kumsimamisha "achangamshe damu". Mwongozaji alimzuia. Damu ya miguuni ni ya baridi, na ikirudi moyoni kwa kishindo hali huzidi. Alilazwa zaidi ya nusu saa kabla ya kuruhusiwa hata kuketi, na baada ya saa mbili alikuwa anaomba ugali. Mtu akiacha kutetemeka ilhali bado ni baridi, au akianza kusinzia, huyo ni mwingine kabisa: mlaze tambarare, mguse kama yai, usimpe kitu mdomoni, na itisha msaada.

Pima koti la mvua la mpagazi langoni kama unavyopima mzigo wake. Koti la mpagazi huyu lilikuwa mfuko wa plastiki uliotobolewa shimo la kichwa.

Siku ya 5, Jumamosi: Liki North – Shipton's (mita 4,200)

Njia hupanda kingo, mgongo wa mlima unaotenga mabonde mawili, kisha huteremka kidogo kuingia bonde la Mackinder. Kumbuka kingo hiyo: mgonjwa akitolewa Shipton's kwa Sirimon atalazimika kuipanda kabla ya kushuka hadi Old Moses. Mtandao wa simu ulipatikana pale juu.

Shipton's ni pazuri, Batian (mita 5,199) na Nelion (5,188) zimesimama juu ya paa, na pimbi wanaiba mkate mezani. Maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi. Yanafaa kunywa, yaache yatokote dakika 3, lakini maharagwe hayaivi. Githeri ipikwe nyumbani.

Kundi la wikendi la watu tisa lilifika saa 10 jioni, likiwa limeacha Nairobi jana yake. Saa 12:30 kijana mmoja wao alikuwa anajimiminia chai karibu na mpishi wetu. Kikombe kilijaa, chai ikamwagika mezani, ikamwagikia mapajani, naye akaendelea kumimina. Mpishi alimshika mkono polepole, akaweka birika chini, akamwita mwongozaji.

Rafiki zake walisema amechoka tu, kichwa kimemuuma tangu asubuhi. Mwongozaji alichora mstari wa mita 5 mavumbini kwa fimbo, akautembea mwenyewe kisigino kikigusa kidole, akamwomba mmoja wa rafiki autembee, kisha kijana. Rafiki alipita bila shida. Kijana alikanyaga nje hatua ya pili, ya tatu akaanguka mikononi mwa watu. Mtu aliyechoka hutembea mstari. Anayeushindwa, tena juu ya mita 2,500, ubongo wake unavimba.

Kipima oksijeni kilionyesha 79. Watu hukiamini mno kifaa hiki. Kwenye mita 4,200 namba za 80 hadi 90 ni za kawaida. Kidole cha baridi, hina na rangi ya kucha hukipotosha, na kwenye ngozi nyeusi huelekea kuonyesha namba ya juu kuliko iliyomo ndani ya damu. Kama kifaa kingesema 88, uamuzi ungekuwa uleule, kwa sababu mstari ulishasema.

Saa 1:20 usiku alimeza vidonge 16 vya deksamethasoni, vinne vinne, na chai vuguvugu. Havikutoka. Saa iliandikwa kwenye plasta kifuani mwake: "DEKSA 8 MG, 1:20. TENA 4 MG, 7:20." Wawili wa kundi lake walisema tungoje asubuhi tuone. Mwongozaji wetu, mzee wa miaka mingi mlimani, aliwajibu: "Wanangu, asubuhi huyu hatatembea. Sasa hivi bado ana miguu."

Dawa hii hununua saa chache za kushuka, haiponyi. Kuna waliojisikia vizuri baada yake, wakapanda, ikaisha nguvu wakiwa juu. Baada ya deksamethasoni njia ni moja, ya chini, angalau mita 300 na ikiwezekana 1,000.

Waliondoka saa 2 usiku: mwongozaji msaidizi wao, wapagazi wetu wawili wenye nguvu, na rafiki mmoja anayejua historia yake. Mmoja alimshika mkono wa kushoto, mwingine alitembea mbele yake hatua moja ili akianguka aangukie mgongo wake. Kila mtu alikuwa na tochi ya kichwani na betri za akiba. Mpagazi wa kundi la tatu, mtu wa Meru tusiyemjua, alivua koti lake la manyoya akamvisha, akaenda kulala na blanketi. Kwenye kingo walipiga simu. Dereva wa Nanyuki aliamka akapandisha Land Cruiser hadi Old Moses, walipofika saa 8:30 usiku, baada ya dozi ya pili njiani. Aliomba pesa ya mafuta tu.

Siku ya 6, Jumapili: Shipton's – Lenana (mita 4,985) – Mackinder's (mita 4,200)

Tuliamka saa 8, tukaondoka saa 9 usiku. Changarawe huteleza, hatua mbili mbele moja nyuma. Jua lilitukuta kileleni. Hewa pale ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa. Vaa miwani ya jua hata kama theluji ni kidogo. Macho yaliyounguzwa na mwanga huanza kuwasha kama yametiwa mchanga saa kadhaa baadaye, wakati unateremka kwenye mawe.

Chini ya Lenana, mita 4,790, kiko kibanda cha Austrian Hut. Septemba 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu vibaya karibu na kilele cha Batian, mfupa ukiwa nje. Mwenzake, daktari Oswald Oelz, alimhudumia. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumtoa, kwa kazi ya waokoaji wa Kenya na wapandaji waliosafirishwa kutoka Innsbruck. Rubani wa helikopta, Jim Hastings, alikufa katika kazi hiyo. Kibanda ni shukrani ya Waaustria. Oelz aliendelea na utabibu wa milimani, na mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kuwa nifedipini husaidia mapafu yaliyojaa maji kwa sababu ya mwinuko. Kidonge tulichobeba sandukuni kinapitia kwa mtu aliyekesha kwenye mwamba unaouona ukiwa mlangoni pale.

Mapafu kujaa maji ndiko kunakoua wengi kuliko ubongo, na huanza kimya, mara nyingi usiku wa pili. Anayetembea mbele anaanza kubaki nyuma. Anahema akiwa ameketi. Anakohoa kikohozi kikavu, baadaye kinatoa povu lenye wekundu. Huyo ashushwe amebebwa, asitembee ikiwezekana, kwa sababu kila jitihada huongeza shinikizo kwenye mapafu. Akae wima, awe na joto, apewe oksijeni kama ipo. Kama haipo na kushuka kumechelewa, nifedipini miligramu 20 ya polepole kila saa 8, ukichunga asizimie kwa presha kushuka.

Mackinder's, kambi iliyo bonde jingine upande wa Naro Moru, tulilala tu, hakuna la kusimulia.

Siku ya 7, Jumatatu: Mackinder's – Met Station (mita 3,050) – Naro Moru

Kinamasi cha Naro Moru kinajulikana: saa 2 na nusu za matope ya magoti kwenye mteremko. Kifundo cha mguu cha mmoja wetu kilipinduka. Kanuni rahisi: akiweza kupiga hatua nne mwenyewe, na mifupa ya pande mbili za kifundo haiumi ikibonyezwa kwa nyuma, huenda haijavunjika. Tulifunga kwa bandeji juu ya kiatu bila kukivua, maana kikivuliwa hakitarudi. Akashuka kwa fimbo mbili.

Nyati walikuwa watatu nyuma ya vibanda vya Met Station. Usiende choo gizani bila tochi na mwenzako. Gari hadi mjini lilikuwa shilingi 4,000, bei ya juu kwa sababu barabara ilikuwa imelowa.

Naro Moru simu zilishika mtandao. Ujumbe wa dada wa yule kijana wa Shipton's ulikuwa umefika tangu Jumapili mchana: hospitali walimlaza usiku uleule, asubuhi alitembea mstari kwenye sakafu ya wodi, amekula. Hakumbuki chai wala kingo. Aliuliza koti la nani ameondoka nalo. Tulimpa kijana namba ya mwongozaji, naye ameshalipeleka kwa matatu ya Meru, likiwa limefuliwa.